Mrija wa Muyama

Jumatatu, 1 Septemba 1975
Huu mwezi wa nane tangu nitoke kwetu Ilongero, Singida. Niliondoka mtama ukiwa magotini. Sasa umeshavunwa, umeshapurwa, na mimi sijauonja.

Leo zege tangu asubuhi. Ukuta wa daraja upande wa Kasulu umekamilika. Ule wa upande wa Kibondo bado uko kiunoni. Mto Nyakahuna ni mdogo sasa, mtu anavuka viatu mkononi. Mvua ikishika hauvukiki. Mzee Shabani, nyapara wetu, mtu wa Ujiji, amerudia yale yale: hakuna ruhusa ya kwenda kwenu mpaka gari lipite juu ya daraja. Gari moja tu. Likipita, kila mtu kwao.

Nataka kufika kabla mvua ya kwetu haijaanza. Mwaka jana tulihamishiwa kijiji kipya. Tembe letu la zamani tuliliacha, na lile jipya nililisimamisha kuta tu nikaja huku kutafuta kibarua. Halina paa. Mke wangu, Mama Elia, analala na watoto jikoni kwa dada yake. Paa la tembe ni udongo, na udongo haupandishwi juu mvua inanyesha. Hilo tu ndilo ninalowaza.

Mgongo unauma.

Jumatano, 3 Septemba
Mbunge amekuja. Gervasi Bihoga. Nilikuwa namsikia tu. Land Rover, suti ya kaunda rangi ya majivu, na mpigapicha mwenye kamera shingoni.

Alipita kwa kila mtu akimuuliza jina. Halafu akaomba sepetu. Akachanganya zege, akaacha saruji imrukie mikononi, akamwambia mpigapicha, "Usinipige uso. Piga mikono, na hawa walio nyuma yangu." Akatupanga. Mimi nikawekwa mbele kwa sababu nimekonda. Hakuficha. "Wewe simama hapa, wewe unaonekana umefanya kazi." Tulicheka sana, na yeye alicheka.

Picha ziliisha lakini sepetu hakuitupa. Aliendelea mpaka zege lile likaisha. Alipokuwa akiondoka aliniaga kwa jina langu, Yohana. Nyapara wangu mpaka leo ananiita Mnyaturu.

Nimempenda. Sikutaka.

Ijumaa, 5 Septemba
Melkiori, mpishi wetu, ni mkimbizi kutoka Burundi. Alivuka miaka mitatu iliyopita pamoja na mkewe. Lugha yake na Kiha zinasikilizana, kwa hiyo habari za huku anazipata zikiwa bado moto. Leo amenieleza habari za Mbunge.

Mzaliwa wa Muyama. Baba yake katekista, alikufa mapema. Aliyemlea ni shangazi yake, Bibi Sabina, aliyekuwa akipika pombe ya mtama na kuuza ili mtoto asome misheni. Mtoto akaenda Tabora, akaenda Dar es Salaam. Akaandika gazetini. Halafu shirika la umma likamchukua awe afisa uhusiano. Nikauliza hiyo ni kazi gani. Melkiori akafikiri. "Ni mtu wa kusema badala ya wakubwa."

Mwaka wa sabini aligombea ubunge. Alisimama hapa hapa mtoni, suruali imekunjwa, maji magotini, akaahidi daraja. Picha ikatoka gazetini. Watu waliikata wakaibandika ukutani. Akashinda. Daraja halikuja.

Mvua ya mwaka jana mke wa Melkiori alishikwa na uchungu upande huu, na hospitali iko upande ule. Walikaa ukingoni wakingoja maji yapungue. Alijifungulia palepale. Mtoto hakuishi. Haya yote Melkiori aliyasema akichambua maharage, bila kuinua macho.

Nikamuuliza kama anamchukia.

"Nani?"

"Mbunge."

"Daraja likiisha nitakujibu."

Jumanne, 9 Septemba
Saruji imekwisha. Lori halijulikani liko wapi. Mzee Shabani amefunga Ramadhani na hasira zake zimeongezeka. Ametutuma kupanga mawe ambayo yalikuwa yamepangwa.

Mawe ndiyo kitu pekee kisichokosekana. Wanakijiji wanajitolea. Kila asubuhi wanashuka kutoka mlimani, wanawake wengi kuliko wanaume, kila mmoja na jiwe kichwani juu ya ngata. Wanaliweka chini, wanapumua, halafu wanasalimiana. Salamu za watu hawa ni ndefu. Wanapiga makofi polepole, wanapinda magoti, wanaulizana habari za ng'ombe, za shamba, za mgonjwa. "Mwakeye, mwakeye." Hakuna anayemkatiza mwenzake. Mwanzoni nilidhani ni uvivu. Sasa nikipita bila kusalimiana hivyo najisikia nimepita uchi.

Ijumaa, 12 Septemba
Hakuna saruji. Nimefua nguo. Nimelala mchana. Nimeota paa.

Alhamisi, 18 Septemba
Saruji imefika. Lori zima. Na juu ya mifuko, amekaa Mbunge mwenyewe, mweupe kama aliyetoka kinuni. Alikuwa amekwenda Kigoma, akakaa kwenye benchi la ofisi ya watu wa barabara, akawaambia haondoki. Akawa anarudi kila asubuhi na benchi lake ni lile lile. Wakachoka kumwona. Safari hii hakuwa na mpigapicha. Land Rover ilikuwa imeharibika.

Alilala kambini kwetu. Jioni Melkiori alileta ugali wa muhogo na maharage yenye pilipili. Mbunge akaomba uji. Nilimwona anaukandamiza ubavu kwa mkono. Wenzangu walipokwenda kuoga mtoni tulibaki wawili, nikamuuliza anaumwa nini. Akanitazama.

"Vidonda vya tumbo. Daktari wa Dar kanikataza pilipili, kanikataza pombe, kanikataza hasira. Nimeacha viwili."

Akaniambia nisimwambie mtu. Mbunge mgonjwa hapigiwi kura. Nikauliza mbona ananiambia mimi. "Kwa sababu wewe huna kura hapa, Yohana." Ni kweli. Mimi jina langu liko Singida. Melkiori hana kura popote.

Nilimuuliza kazi yake ya zamani. Akasema shirika lao lilikuwa la mablanketi. Yakichanika wiki ya pili, wakubwa wanamtuma yeye kwa wananchi. "Nilisema nini? Nilisema kiwanda ni chetu. Watu wakapiga makofi, wakarudi nyumbani na blanketi limechanika." Alicheka mpaka akajishika tumbo.

Bungeni je? Alisema alisimama kuuliza habari za daraja hili, akajibiwa litajengwa fedha zitakapopatikana. Akakaa. Alilijua jibu lile. Alikuwa akiliandika mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, kwa ajili ya wakubwa wake. "Nilikaa pale kwenye kiti nikasema, Gervasi, leo umelipwa."

Baada ya hapo akaacha kusimama na kuuliza. Akaanza kukaa kwenye mabenchi ya maofisi. Kazi isiyo na picha, alisema. Ndiyo maana imechukua muda.

Jumapili, 21 Septemba
Alama za wagombea zimetolewa. Mbunge wetu kapewa jembe. Mpinzani wake, Bwana Shamba Ezekieli, kapewa nyumba. Hapa watu wengi walibomolewa nyumba mwaka jana wakati wa kuhamia vijijini, nyumba hawataki kuiona hata kwenye karatasi. Jembe kila mtu analo. Tena Ezekieli hajui kusema. Akisimama mbele ya watu anatazama viatu vyake.

Mzee Shabani kasema uchaguzi umekwisha kabla haujaanza. Ukuta wa pili umefika kifuani. Daraja likiisha kabla ya kura, Mbunge anarudi Bungeni na mimi narudi nyumbani. Nimeanza kumwombea mtu ambaye simpigii kura.

Jumapili, 28 Septemba
Muyama. Tumetoka huko. Sina hakika nilichokiona, lakini nitaandika kama nilivyokiona.

Mbunge aliomba baadhi yetu tupelekwe kwenye mkutano kwa lori la barabara, watu waone wajenzi wa daraja kwa macho. Wagombea wote wawili huja kwenye gari moja, ndiyo kanuni, na watu wa Chama katikati yao. Mbunge alizungumza vizuri sana. Alituita mbele, akawaambia watazame mikono yetu. Makofi. Ezekieli alizungumza na viatu vyake.

Baadaye wagombea wakaitwa kwenye mtungi. Aliyepika ni Bibi Sabina, shangazi mtu. Kwa watu hawa pombe ya mtama inanywewa mtungi mmoja kwa mirija mirefu, na mwenye pombe anaanza yeye, ili mgeni aone haina kitu kibaya. Bibi Sabina akavuta. Akaufuta mrija kwa kiganja, akamkabidhi Ezekieli. Ezekieli alivuta mpaka wazee wakapiga kelele, "Na sisi tubakishie!" Watu wakacheka. Hata yeye akacheka, kwa mara ya kwanza akiwa ameinua uso.

Halafu zamu ya Mbunge. Alipiga magoti vizuri. Akaweka mdomo kwenye mrija. Mpigapicha akapiga picha, akazunguka akapiga nyingine. Mimi na Melkiori tulikuwa nyuma ya mtungi kabisa. Povu halikutikisika. Bibi Sabina alikuwa akilitazama koo lake. Koo halikupanda wala kushuka.

Mbunge akainuka, akafuta midomo mikavu, akasema, "Asante Shangazi, tamu."

Bibi Sabina akasema kitu kwa Kiha, si kwa sauti kubwa. Melkiori alinitafsiria ndani ya lori, tukiwa tumeshaondoka. Alisema, "Mtoto wa kaka yangu kanywa picha." Kisha akasema, "Anadhani nimemtilia sumu."

Melkiori anasema kwa huku hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Ukiushika mrija ukaacha kunywa, umemwita mwenye mtungi mchawi. Ingekuwa afadhali asiushike kabisa.

Mimi najua kwa nini hakunywa. Nikanyamaza njia nzima.

Jumatano, 1 Oktoba
Mawe hayakuja juzi. Hayakuja jana. Leo mwanamke mmoja alipita na mzigo wa kuni, Mzee Shabani akamuuliza wenzake wako wapi. Akajibu kwa Kiswahili safi: "Mwambieni aogopaye pombe yetu abebe mawe yetu." Akaenda zake. Hakutusalimia.

Bila mawe ukuta hausogei. Tumekaa. Jioni manyunyu, ya kwanza.

Ijumaa, 3 Oktoba
Nilikwenda sokoni Kasulu kununua sabuni. Habari imefika kabla yangu. Muuza dagaa mmoja alijifanya ananywa kwa mrija, mashavu yameingia ndani, macho kwenye kamera ambayo haipo. Soko lote likacheka. Anafanya vizuri kweli. Na mimi nikacheka, halafu nikajisikia vibaya.

Jumatatu, 6 Oktoba
Idi. Mzee Shabani katupikia pilau na leo ameniita kwa jina langu.

Mbunge alikuja mchana, peke yake. Amekonda. Alitazama ukuta uliosimama pale pale kifuani. Nilimweleza bila kuzunguka: nenda Muyama, mwambie shangazi yako unaumwa. Basi. Watu watarudi na mawe.

Alitikisa kichwa. Alisema wataona ametunga sababu. "Sikiliza, Yohana. Miaka yote hiyo nimekuwa mtu wa kutoa sababu. Nzuri, zimenyooka. Watu wanaijua sauti yangu ya kutoa sababu. Leo nikiwa na sababu ya kweli sina sauti nyingine ya kuisemea."

Nikamwambia aende hata kama hawamwamini. Akasema nitaelewa nikigombea. Nikakasirika. Nikamwambia mimi sigombei kitu, mimi nataka paa. Akashtuka. Hakuwa amewahi kuniuliza.

Aliondoka bila kugusa pilau. Daktari, labda. Au haya.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mvua ya kweli jana. Mto umepanda, rangi ya chai ya maziwa. Hatukufanya kazi. Nawaza zile kuta zangu Ilongero, zimesimama wazi, zikinyeshewa zitarudi kuwa tope.

Nimeamua.

Jumapili, 12 Oktoba
Nilimwomba Melkiori anipeleke kwa Bibi Sabina. Hakuuliza kwa nini. Tulipata lori la mahindi mpaka karibu, tukamalizia kwa miguu.

Ni mwanamke mrefu, mikono yake myeusi kwa masizi ya vyungu. Salamu zilichukua muda wake na sikuharakisha. Alitupa viti. Hakutupa pombe. Kisha nikasema, Melkiori akitafsiri pale Kiswahili changu kilipomshinda. Nilisema mtoto wake ana vidonda tumboni, amekatazwa pombe, anaficha kwa ajili ya kura. Nilisema nilimwona akinywa uji kwetu kama mgonjwa wa hospitali.

Akauliza, "Ni yeye amekutuma?"

"Hapana. Alinikataza."

"Na wewe umekuja kwa nini?"

Nikasema ukweli. Nataka mawe. Daraja likiisha naenda kuezeka nyumba yangu.

Akamwambia Melkiori, huyu nimemwamini, ameomba kitu chake. Yule wetu angesema anaomba kwa ajili ya taifa. Melkiori alicheka, na mimi baada ya kutafsiriwa nikacheka.

Lakini baadaye alilia kidogo. Alisema, "Mbona hakuniambia mimi? Ningempikia togwa. Si nimemlisha mimi huyu?" Akajifuta kwa upande wa kanga. Akasema basi, aje. Aje mwenyewe. Yule wa picha abaki barabarani.

Jumatano, 15 Oktoba
Nilimpata Mbunge Kasulu, nje ya ofisi ya Chama, nikamweleza. Alikasirika. Sikuwahi kumwona amekasirika. Alisema nimemvua nguo. Alisema nilikuwa mtu pekee aliyemwambia kitu cha ndani tangu aingie siasa, na nimekitembeza Muyama kama muuza mitumba. Watu walikuwa wanatazama na hakujali kwamba wanatazama.

Nilimwacha amalize. Yuko sawa. Na mimi niko sawa. Nikamwambia, shangazi yako anakungoja, nikaenda zangu.

Ijumaa, 17 Oktoba
Mawe!

Asubuhi nilikuwa nachemsha maji nikasikia wanaimba mlimani. Mstari mrefu, wanawake, wanaume, hata yule wa kuni. Bibi Sabina katangulia, naye anatoka mbali vile, jiwe kichwani. Jana usiku aliletwa kwa gari mpaka kwa jamaa zake hapa kijijini, akalala ili aje nao. Alilitua chini akapumua, tukasalimiana kwa makofi, taratibu, mpaka mwisho.

Melkiori kaongea naye. Mbunge alikwenda jana. Kwa miguu kutoka barabarani, gari aliliacha kule. Alikaa jikoni kwake mpaka jioni. Alikunywa togwa, koo likipanda na kushuka. Mpigapicha aliachwa garini na amenuna, kwa sababu yeye anasema hiyo ndiyo ingekuwa picha.

Jumanne, 21 Oktoba
Ukuta wa pili umefika juu. Kesho magogo makubwa. Mvua inatuvizia, inanyesha mchana, asubuhi tunaiba kazi. Mzee Shabani anasema daraja halitawahi siku ya kura. Zilipotea siku nyingi pale katikati, wakati wa mawe.

Kijiji hiki na Muyama wameshajua habari ya ugonjwa. Lakini jimbo ni kubwa. Kule kwingine wanajua ya mrija tu. Ile ya togwa haina mtu wa kuitembeza. Haichekeshi.

Jumapili, 26 Oktoba
Siku ya kura. Watu wamepita tangu alfajiri wamevaa nguo za kanisani, wakivuka mto kwa kushikana mikono. Sisi wageni tumebaki kambini. Melkiori kachambua mchele. Mimi nimenoa sururu ambayo haikuhitaji kunolewa.

Jumatano, 29 Oktoba
Ameshindwa. Nyumba imeshinda jembe. Mzee Shabani alizima redio akasema, haya, kazini.

Nimejisikia vibaya kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nadhani mimi nataka daraja tu.

Jumatano, 5 Novemba
Mbao za juu zimepigiliwa nusu. Mto umejaa, unagonga kuta zote mbili, kuta hazina habari.

Jumamosi, 8 Novemba
Daraja limekwisha. Asubuhi Mzee Shabani alilipitisha lori la mawe kwanza, kalipanda mwenyewe mbele na dereva, ametoa kofia. Mbao zililia kidogo. Lilifika ng'ambo. Tulipiga kelele kama watoto.

Saa nne wakaja wakubwa. Mbunge mpya, Ezekieli, alikata utepe akasema maneno machache, akatushukuru, akatazama viatu vyake. Ni mtu mzuri. Alimtaja na mwenzake, akasema daraja hili alilihangaikia Bihoga. Watu walipiga makofi ya kutosha. Mpigapicha ni yule yule. Sasa anamfuata huyu.

Gervasi alikuja baadaye, wakubwa wakiwa wameshaondoka. Alikuja kwa miguu na Bibi Sabina. Suti ya kaunda ile ile, viatu vya tope. Wakasimama mwanzo wa daraja kama watu waliofika kwenye nyumba ya mtu. Halafu wakavuka, polepole, yeye kamshika mkono shangazi yake. Au shangazi kamshika yeye. Wakageuka wakarudi.

Tulisalimiana. Aliniuliza kwanza habari za paa. Nilimwambia bado kuna nafasi, mvua ya kwetu huchelewa kuliko ya huku. Akasema wale watu wa mablanketi wanamtaka tena Dar. Hajajibu. Anataka kwanza kukaa Muyama mpaka tumbo litulie. Halafu akasema, "Ningerudi kule ningekuajiri wewe." Akafikiri. "Hapana. Wewe unasema kila kitu." Tulicheka wote.

Sikumwomba msamaha na yeye hakunidai.

Melkiori alitoka jikoni na bakuli la uji. Hakuna aliyemwagiza. Alimpa Gervasi kwa mikono miwili, akangoja mpaka amalize, akapokea bakuli. Nilipokwenda kuosha vyombo naye nikamkumbusha: uliniambia daraja likiisha utanijibu.

"Si nimempa uji," akasema.

Baadaye akamwita mkewe, wakaenda wawili mpaka katikati ya daraja. Walisimama upande wa chini, pale ukingo unapoonekana vizuri. Sikuwatazama tena.

Jumatatu, 10 Novemba
Mvua ndogo asubuhi, halafu jua. Mzee Shabani ametusainia ruhusa. Wengine wanahamishiwa barabara ya Kibondo, mimi nimekataa. Kanipa mtalimbo uliopinda, anasema utanifaa kuchimbia nguzo. Mzito. Nitaubeba.

Nimefunga mzigo. Kanga moja ya Mama Elia, viatu vya mtoto nimepima kwa kukisia, labda havitamtosha. Melkiori kanifungia mihogo ya kuchoma ya njiani.

Kesho lori mpaka Kigoma, halafu treni. Nikipata gari pale Manyoni bila kungoja, Jumapili jioni nitakuwa Ilongero. Jumatatu naanza paa.